Jicho Likienda, Dunia Hutulia

Msomaji akifumba jicho lake moja, kisha akalisukuma lile lililo wazi kwa ncha ya kidole, polepole, kwenye pembe ya nje juu ya kope, ataona ajabu: ukuta, mlango na meza vitatikisika kana kwamba nyumba imepatwa na tetemeko. Akiondoa kidole, na badala yake akaligeuza jicho lile lile kwa hiari yake kutoka mlangoni hata dirishani, nyumba haitikisiki hata kidogo. Yaonekana katika hali zote mbili jicho limekwenda. Tena katika hali ya pili limekwenda mbali zaidi na kwa kasi kubwa zaidi, na picha ya chumba imeteleza ndani yake kwa kadiri iyo hiyo. Kwa nini basi kidole kinaitikisa dunia, nayo hiari ya mtu haiitikisi?

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Jicho la mtu aliyeamka halitulii. Huruka kutoka mahali hata mahali kiasi cha mara tatu katika kila sekunde, na kila mruko huchukua muda mfupi sana, aghalabu baina ya sehemu 30 na sehemu 80 katika 1000 za sekunde moja. Kuanzia alfajiri mpaka saa ya kulala miruko hiyo hupita 100,000. Lau kila mruko ungaliutikisa ulimwengu, mtu asingaliweza kuvuka barabara, wala kusoma barua, wala kujua kama ng'ombe aliye mbele yake anamjia au amesimama. Utulivu wa vitu, ambao kila mmoja huudhani kuwa ni mali ya vitu vyenyewe, ni kazi ifanywayo ndani ya kichwa cha mtazamaji, mchana kutwa, bila ya yeye kuulizwa. Vitabu vingi vya Ulaya huianza hadithi ya kutambuliwa kwa kazi hiyo huko Ujerumani mwaka 1867. Haki yataka ianzwe mahali pake, nako ni Misri katika karne ya 11.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu na mwaka 965, akafa Kairo karibu na mwaka 1040. Waandishi wa sira yake husimulia ya kuwa alimwahidi Khalifa al-Hakim kuyatawala maji ya mto Nile. Alipofika kusini mwa nchi akaona kazi hiyo haiwezekani, naye kwa kuiogopa ghadhabu ya mtawala akajifanya mwendawazimu, akakaa kizuizini mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021. Wasimuliaji huipenda sana hadithi hiyo, na pengine huitaja kuliko kitabu chake, ambacho ndicho hasa kilichomfanya akumbukwe: Kitab al-Manadhir, katika sehemu saba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo, maana neno mandhari limetoka katika shina lilo hilo, na nadharia ni ndugu yake.

Katika sehemu ya pili ya kitabu hicho Ibn al-Haytham anauliza jinsi macho yanavyoutambua mwendo. Jibu lake la kwanza ni la kulinganisha: kitu hujulikana kuwa kinakwenda kwa kubadilika mahali pake mbele ya kitu kingine, au mbele ya mtazamaji mwenyewe. Lakini mara anaiona taabu iliyofichika katika jibu hilo. Jicho likienda mbele ya vitu vilivyotulia, sura za vitu hivyo vyote zitakwenda juu ya jicho. Mbona basi mtu hahukumu kwamba vitu vyote vinakwenda? Anajibu kwa neno moja ambalo nalo linajulikana katika Kiswahili, yaani ada. Macho, asema, yamekwisha kuzoea sura kupita juu yake wakati vitu vyenyewe vimesimama, na kwa mazoea hayo hayavihukumu kuwa vinakwenda.

Ni jibu la maneno machache, wala halielezi jinsi mazoea hayo yanavyofanya kazi. Ukubwa wake umo katika swali. Waandishi wa Kiyunani na wa Kirumi waliomtangulia walikwisha kutaja pwani inayoonekana kukimbia mbele ya macho ya abiria wa chombo, wakaiandika katika hesabu ya makosa ya macho. Ibn al-Haytham aliligeuza jambo hilo. Yeye hakutosheka kuuliza kwa nini macho hukosea pindi mtu awapo chomboni. Aliuliza kwa nini hayakosei kila wakati. Kushangazwa na kitu kilichoharibika ni tabia ya watu wote. Kushangazwa na kitu kinachokwenda sawasawa kila siku si tabia ya wengi, na katika habari hii karne nyingi zilipita kabla hajapatikana wa pili wa kushangaa namna ile.

Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Mtungaji alikosea jambo moja kubwa: alidhani kwamba jicho huhisi kwa kiungo kile kingʼaacho nyuma ya mboni, yaani lenzi. Johannes Kepler ndiye aliyesahihisha mwaka 1604, alipoonyesha ya kuwa lenzi hupitisha nuru tu, na picha huangukia utando wa nyuma, yaani retina, nayo huanguka kichwa chini miguu juu. Kwa sahihisho hilo swali la Ibn al-Haytham lingalipasa kuwa kali zaidi, maana sasa ilijulikana pahali hasa ambapo picha huteleza jicho linapogeuka. Haikuwa hivyo. Wanachuoni walivutwa na swali jingine, la kwa nini picha iliyopinduka huonekana wima, wakalishindania kizazi baada ya kizazi, nalo kwa kweli halikustahili wino wote ule. Maana hakuna mtu mwingine mdogo ndani ya kichwa anayeitazama picha hiyo hata ahitaji kugeuziwa.

Aliyeirudisha njia alikuwa tabibu, William Charles Wells, aliyezaliwa Charleston katika Marekani mwaka 1757, akafanya kazi London. Watu wa elimu ya hewa wanamjua kwa insha yake ya mwaka 1814 juu ya umande. Katika mwaka 1792 alichapisha kitabu juu ya kuona kwa macho mawili, na ndani yake aliweka chombo cha uchunguzi ambacho hakikumgharimu kitu. Kila mtu anajua ya kuwa akiutazama mwali wa mshumaa kwa muda, kisha akatazama kwingine, hubaki na taswira ya mwali machoni. Taswira hiyo imegandamana na retina. Haiwezi kuteleza juu yake, kwani ni alama iliyochomwa pale na nuru. Wells aliukazia macho mwali, akajizungusha mpaka akapata kizunguzungu, akasimama, akatazama. Vitu vya chumbani vilionekana vikizunguka, naye mwenyewe aliamini kuwa macho yake yametulia. Lakini taswira ya mwali ilikuwa ikihama juu ya vitu vilivyo mbele yake. Kwa hiyo macho yalikuwa yakienda bila ya mwenyewe kujua. Hapo ndipo ilipoonekana kwa mara ya kwanza waziwazi kwamba kwenda kwa jicho ni jambo moja, na kujua kwamba jicho limekwenda ni jambo jingine. Na ya kwamba pale yanapoachana, dunia huzunguka. Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, alikuwa na maelezo yake mengine ya kizunguzungu, hakukubali, wakabishana kwa maandishi. Hoja ya Wells ndiyo iliyosimama.

Taswira ya mshumaa ikawa mizani ya kila aliyefuata. Charles Bell katika London mwaka 1823, na Jan Purkinje katika Breslau mwaka 1825, waliiunganisha na kidole. Ukilisukuma jicho kwa kidole ilhali lina taswira, chumba hutikisika, bali taswira hubaki imesimama pahali pamoja. Ukiligeuza jicho kwa hiari, mambo hubadilishana: chumba hutulia, na taswira ndiyo inayohama pamoja na jicho, ijapokuwa ndani ya jicho haikusogea hata unywele. Ni jaribio la mtu maskini, la kufanyika popote penye mshumaa. Na ndani yake hoja yote imekamilika. Kitu kilichotulia kwenye retina kinaonekana kwenda, na kitu kilichoteleza kwenye retina kinaonekana kutulia, kwa sharti moja tu, kwamba jicho limekwenda kwa amri ya mwenyewe. Basi akili hujua jambo fulani juu ya jicho ambalo jicho halikuliona. Amelijuaje?

Hermann von Helmholtz alilijibu swali hilo katika fungu la mwisho la kitabu chake kikubwa cha elimu ya macho, mwaka 1867, alipokuwa mwalimu Heidelberg. Alisema akili haipati habari za jicho kutoka katika jicho. Huzipata kutoka katika jitihada ya nia yake yenyewe: imeamuru, kwa hiyo inajua. Ushahidi wake mzito aliupata kwa daktari Albrecht von Graefe wa Berlin, aliyewatibu watu waliopooza musuli unaoligeuza jicho upande wa nje. Mgonjwa wa namna hiyo, anapojitahidi kutazama upande ule, jicho lake halisogei. Wala picha haitelezi. Lakini yeye huona vitu vyote vikiruka kuelekea upande aliokusudia kutazama. Dunia imesogea, na kitu pekee kilichosogea ni nia. Ernst Mach wa Praha aliuiga ugonjwa huo katika mwili wake mwenyewe, na habari zake aliziandika mwaka 1886: aliyageuza macho kushoto kadiri iwezekanavyo, akashindilia mabonge ya lakiri laini, ile wanayotumia mafundi wa vioo vya madirisha, upande wa kulia wa kila jicho, kisha akajitahidi kutazama kulia kwa ghafula. Macho yalizuiwa, na chumba kikaruka kulia.

Si wote walioridhika. William James wa Marekani, mwaka 1890, alilipinga wazo la kwamba mtu anaweza kuihisi amri itokayo. Kwake yeye hisia zote huingia, hakuna itokayo. Charles Sherrington wa Uingereza, mmoja wa wakuu wa elimu ya mishipa ya fahamu, aliandika mwaka 1918 kwamba misuli ya macho ina mishipa yake ya kuhisi mvuto, na kwamba hiyo ndiyo inayoupasha ubongo habari. Kwa hiyo pakawa na makundi mawili. Moja lilisema ubongo huisoma amri yake yenyewe. Jingine lilisema ubongo hungoja taarifa kutoka kwa misuli. Mabishano hayo yalidumu zaidi ya miaka 80, na mtu asidhani yalikuwa ya maneno matupu. Taarifa huchelewa, kwani lazima jicho liende kwanza ndipo habari zirudi. Amri haichelewi. Anayengoja taarifa hujua yaliyopita. Anayeisoma amri hujua yatakayokuja.

Wakati huo huo watu wengine walikuwa wakipima miruko yenyewe. Émile Javal, tabibu wa Paris, mwaka 1879 aliandika ya kwamba jicho la msomaji halitiririki juu ya mstari kama maji, bali huruka na kutua, huruka na kutua. Ewald Hering aliandika vivyo hivyo mwaka ule ule. (Javal, aliyelitumikia jicho maisha yake yote, mwenyewe alipofuka, na mwaka 1903 akatoa kitabu cha kuwashauri vipofu wenzake.) Katika Marekani, Edmund Huey alivaa kikombe kidogo cha plasta juu ya jicho lililotiwa ganzi ya kokeni, na kalamu nyepesi iliyofungwa kwacho ikachora miruko ya usomaji. Raymond Dodge aliona njia hiyo ni ya ukatili usio na haja, akaakisi nuru juu ya jicho na kuipiga picha katika bamba lishukalo. Naye Dodge ndiye aliyeeleza, mwaka 1900, jaribio jingine ambalo halihitaji chombo. Mtu atazame katika kioo jicho lake la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Mwenzake aliye karibu ataona macho yakienda huku na huku; yeye mwenyewe hatayaona kamwe yakienda, bali kila mara atayakuta yamekwisha kufika. Katika muda wa mruko, mtu hana kumbukumbu ya kuona chochote.

Mwaka 1950 kundi la amri lilipata nguvu mpya kutoka kwa viumbe wasiojua kubishana. Erich von Holst na Horst Mittelstaedt, waliokuwa Wilhelmshaven katika Ujerumani, walimtia nzi katika pipa lenye mistari meupe na meusi. Pipa likizungushwa, nzi huzunguka pamoja nalo. Lakini nzi akitembea mwenyewe, mistari hupita mbele ya macho yake vile vile, wala haimrudishi nyuma. Wengi walisema anapotembea hisia hiyo huzimwa. Watafiti hao wakakigeuza kichwa cha nzi hata jicho la kulia likawa kushoto na la kushoto kulia, wakakigandisha hivyo. Kama hisia ingalizimwa, nzi angalitembea kama kawaida. Hakutembea, alipoanza tu hatua alizunguka na kuzunguka asiweze kuacha, kwa sababu mistari sasa ilikwenda kinyume cha ilivyotazamiwa. Haikuwa imezimwa, ilikuwa inalinganishwa. Roger Sperry huko Marekani, mwaka huo huo na bila ya kuwategemea hao, alimgeuzia bunju jicho lake nusu duara, naye samaki huyo akazunguka majini namna ile ile.

Von Holst na mwenzake waliuita mpango huo kwa mfano ambao karani yeyote atauelewa. Ofisi inapopeleka barua huweka nakala. Ubongo unapoliamuru jicho kwenda kulia huweka nakala ya amri hiyo, na mara picha inapoteleza kushoto, nakala hutolewa jaladani na kulinganishwa. Zikipatana, hesabu hufutika na dunia hutulia. Kikibaki kitu, kilichobaki ndicho mwendo wa kweli wa vitu vya nje: ndege anayeruka, mtoto anayekimbia. Kwa njia hiyo swali la utulivu na swali la mwendo ni swali moja, na mtu huweza kuona ndege akipita hata wakati macho yake mwenyewe yamo safarini.

Pigo kubwa kwa kundi la taarifa lilikuja mwaka 1960, nalo lilitolewa kwa koleo. Giles Brindley na Patrick Merton, Waingereza, waliyatia ganzi macho, wakaifunika mboni isione, wakalikamata jicho kwa koleo ndogo na kulivuta huku na huku. Mwenye jicho hakujua kama linavutwa. Alipoambiwa aligeuze mwenyewe, nao wakalizuia kwa koleo lisiende, aliamini kwa dhati kwamba limekwenda. Msomaji anayetetemeka kwa kuisoma habari hii afahamu kwamba elimu hii, tangu Wells na Mach, imejengwa na watu walioitoa miili yao wenyewe kwa majaribio. Mwaka 1976 John Stevens na wenzake walieleza habari za mtu aliyepoozeshwa mwili mzima kwa dawa ilhali akili yake i macho, pumzi ikiendeshwa na mashine. Kila alipojaribu kutazama upande fulani, ulimwengu ulionekana kuhamia upande huo, bali bila ya kuonekana ukisogea njiani.

Hata hivyo ushindi haukuwa mtupu. Mwaka 1972 Alexander Skavenski alionyesha kwamba mtu aliyefundishwa anaweza, gizani, kuutambua mvuto uliowekwa juu ya jicho lake. Kwa hiyo taarifa za Sherrington zipo, ijapokuwa ni dhaifu. Mwaka 1982 Leonard Matin na wenzake waliwapa watu sumu ya kurare kwa kiasi cha kuidhoofisha misuli ya macho. Gizani watu hao walikosea vibaya sana mahali pa taa. Taa za chumba zilipowashwa, kosa likatoweka. Maana yake ni kwamba palipo na nuru dunia yenyewe nayo hushuhudia: chumba kizima kikihama pamoja, ubongo una sababu ya kuamini kwamba kilichohama ni jicho. Tena mwaka 1983 Lawrence Stark na Bruce Bridgeman walionyesha kwamba hata mtihani wa kidole, uliokuwa ukisimuliwa kwa wanafunzi kizazi baada ya kizazi, si sahili. Mtu anayekaza macho kwenye kitu huku akilisukuma jicho hupambana na kidole kwa misuli yake asijue, na jicho hukaa karibu pale pale. Si kwamba jicho limekwenda bila amri. Amri imetolewa, na jicho halikwenda. Ni ugonjwa wa wagonjwa wa von Graefe ulioletwa kwa ncha ya kidole, nao wanachuoni walikuwa wakiusoma kinyume.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa nakala ya amri hawakupenda kulitaja, nalo ni kwamba nakala hailingani kabisa na barua. Ernst Fleischl wa Vienna mwaka 1882, na Hermann Aubert baadaye kidogo, waligundua kwamba kitu kinachokwenda, macho yakikifuata taratibu, huonekana kwenda polepole kuliko macho yakitulia na kukiacha kipite. Wilhelm Filehne mwaka 1922 aliongeza la pili: macho yanapokifuata kitu kinachokwenda kulia, vitu vilivyosimama nyuma yake huonekana vikijongea kidogo kushoto. Hesabu haifutiki yote. Ubongo huukadiria mwendo wa jicho chini kidogo ya ulivyo, na tofauti ndogo inayobaki huionyesha kama mwendo wa dunia.

Kuhusu ule muda wa mruko ambao Dodge aliukuta mtupu, maoni yalibadilika pia. Fergus Campbell na Robert Wurtz mwaka 1978 waliwasha taa katika muda wa mruko peke yake, na watu wakauona ukungu wa picha iliyokokotwa. Taa ikiwaka pia kabla na baada ya mruko, ukungu hauonekani. Picha safi za mwanzo na mwisho huufunika. Mwaka 1994 David Burr, Concetta Morrone na John Ross walionyesha kwamba ubongo hupunguza zaidi nguvu ya njia ile inayoubeba mwendo, na njia ya rangi huiacha. Lakini kupunguza si kufunga. Eric Castet na Guillaume Masson, Wafaransa, walionyesha mwaka 2000 ya kwamba mtu huweza kuona mwendo katikati ya mruko wenyewe, ikiwa kasi ya kitu inalingana vya kutosha na kasi ya jicho. Abiria wa garimoshi huweza kulipata jambo hili bila chombo: akitazama chini huona mataruma ya reli yamekuwa utepe mmoja wa ukungu, lakini akiyarusha macho kwa ghafula kuelekea nyuma ya garimoshi, kwa nukta moja taruma moja humtokea limesimama, mbao na kokoto zake zikisomeka.

Ndani ya ubongo wenyewe, nakala ya amri ilifuatwa katika kima. Jean-René Duhamel, Carol Colby na Michael Goldberg mwaka 1992 waligundua chembe za ubongo ambazo, muda mfupi kabla jicho halijaruka, huanza kuitikia vitu vilivyo mahali ambapo zitakuwa zikitazama mruko ukiisha, hulitangulia jicho. Marc Sommer na Robert Wurtz mwaka 2002 waliionyesha njia moja ambayo nakala hupita, kutoka katikati ya shina la ubongo kwenda sehemu ya mbele, kwa kupitia kituo kimoja kilicho ndani kabisa. Walipokinyamazisha kituo hicho kwa dawa, kima alikosea katika miruko iliyohitaji kuukumbuka mruko uliotangulia.

Kwa binadamu, gharama ya kuipoteza kazi hii ilijulikana Tübingen. Mwaka 1997 Thomas Haarmeier, Peter Thier na wenzao waliandika habari za mgonjwa mmoja aliyeumia ubongo pande zote mbili sehemu za nyuma. Macho yake yalikuwa mazima, nayo yalifuata kitu sawasawa. Lakini kila alipokifuata kwa macho kitu kinachokwenda, vitu vyote vilivyosimama alivyovipita viliondoka na kukimbilia upande wa pili, kwa kasi ile ile ambayo macho yake yalikwenda. Aliona kile ambacho retina huona, bila kupunguziwa kitu. Kizunguzungu chake kilikuwa ni dunia ile ambayo kila mtu angaliiona kama hakuna wa kuifanyia hesabu, ile ambayo Ibn al-Haytham aliikisia kwa akili tupu huko Kairo alipouliza kwa nini vitu vyote havihukumiwi kuwa vinakwenda.

Na neno lake la mazoea, ambalo Helmholtz na wafuasi wa nakala walionekana kuliacha nyuma, lilirudi kutoka chumba kile kile cha Tübingen. Mwaka 2001 Haarmeier na wenzake waliwapa watu wazima wenye afya kazi ya kufuata nukta kwa macho, mara nyingi mfululizo, na kila macho yalipokwenda, mandhari ya nyuma nayo yalisogezwa kwa utaratibu mmoja. Haukupita muda mrefu ubongo wao ukaipokea hali hiyo kuwa ni kawaida, ukarekebisha makadirio yake. Mandhari yaliyokuwa yakisogea yakaanza kuonekana karibu na kutulia. Na yaliposimamishwa kweli, watazamaji waliyaona yakienda.